Bunduki Moja, Mitutu Mitatu: Kabla Hujauza Mbuzi, Soma Hapa



Mahindi yakianza kubeba maziwa, maswali ya mbolea hupungua na maswali ya nguruwe pori huanza. Siku hizi swali limekuja na sura mpya. Vijana wanafungua simu na kunionyesha bunduki ya Kimarekani inayovunjika shingoni, inayoingia risasi moja tu, na mtutu wake unachomolewa ukawekwa mwingine. "Bwana shamba, hii si ndiyo yenyewe? Mtutu mdogo wa kanga, wa kati wa nguruwe, mkubwa wa nyati. Bunduki moja, kazi tatu." Wafanyabiashara nao wanauliza kwa upande wao: watu kumi wakichanga, inaweza kuletwa? Na hiyo mitutu ya ziada, inaweza kupita kwenye mzigo wa vipuri?

Jibu langu ni hapana, kwa maswali yote mawili. Lakini sitaki kukujibu kwa kukutisha na polisi peke yake, maana mtu ambaye ekari yake imelimwa na nguruwe usiku mmoja hatishiki kirahisi. Nitaanza na uzuri wa bunduki hiyo, kwa sababu uzuri upo. Asiyekubali uzuri wa kitu hawezi kumshauri mtu anayekitamani.

NI BUNDUKI YA NAMNA GANI?

Kwa ufupi, ina bodi moja yenye kitako, triga na nyundo. Mbele ya bodi kuna pini ya bawaba, na mtutu unaning'inia kwenye pini hiyo. Ukibonyeza kitasa, shingo inakunjika, unaingiza risasi moja kwa mkono, unafunga, unavuta nyundo nyuma, unafyatua. Ukitaka kubadilisha mtutu, unafungua skrubu za mti wa mbele, unasukuma pini, unatoa mtutu na kuweka mwingine. Darubini hubaki juu ya mtutu wake, kwa hiyo haupotezi shabaha sana kila unapobadilisha.

Aliyeifanya ijulikane ni fundi wa Kimarekani, Warren Center. Kampuni ya Thompson/Center, mjini Rochester katika jimbo la New Hampshire, ilitoa ile inayoitwa Contender mwaka 1967. Ilianza kama bastola ya kuwindia, baadaye ikapata vitako na mitutu mirefu. Miaka mingi baadaye wakatoa kubwa zaidi, Encore, iliyoweza kubeba risasi zenye nguvu kama .308 na .30-06, na hata mtutu wa shotgani na wa gobore la kisasa. Kampuni nyingine, Harrington & Richardson, ilikuwa na ya bei nafuu iliyoitwa Handi-Rifle. Kule Ujerumani, Blaser na Merkel hutengeneza za namna hiyo kwa wawindaji wa milimani, na hizo ni za watu wenye fedha.

KWA NINI INAVUTIA?

Inavutia kwa sababu tatu, na zote ni za kweli.

Kwanza, ni nyepesi na fupi. Haina chumba cha kusukumia risasi huku na huko, kwa hiyo mtutu unaweza kuwa mrefu na bunduki nzima ikabaki fupi.

Pili, ni rahisi kuelewa. Ukiikunja unaona wazi kama kuna risasi au hakuna. Hakuna magazini, hakuna vyuma vingi vya kukwama. Kwa sababu hiyo wazazi wengi kule Marekani huwafundishia watoto wao kulenga kwa bunduki ya risasi moja. Tena mtu mwenye risasi moja hujifunza kungoja, hafyatui ovyo.

Tatu, na hili ndilo linalomshika mkulima, ni hesabu. Unanunua bodi mara moja tu, kisha mitutu unaongeza kidogo kidogo kadiri ya kipato. Ni lugha tunayoielewa sisi. Ndivyo tunavyonunua jembe: mpini mmoja unavaa jembe leo na reki kesho. Ndivyo pawatila ilivyouzwa kwetu: injini moja, leo plau, kesho tela, keshokutwa pampu.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanza pale unapodhani uzuri huo umo ndani ya chuma. Sehemu kubwa ya uzuri huo iko nje yake, kwenye maduka, sheria na viwanda vya mahali ilikozaliwa. Ukiihamisha bunduki peke yake, hayo yote unayaacha huko.

UZURI HUO UMESIMAMA JUU YA NINI?

Tuanze na sheria. Kule Marekani, kwa sheria ya taifa ya mwaka 1968, kinachohesabiwa kuwa silaha ni ile bodi yenye namba. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mmarekani ameweza kununua bodi kwa taratibu za silaha, kisha mitutu akaagiza kwa posta ikaletwa mlangoni kama unavyotumiwa viatu. Hiyo ndiyo siri ya "bunduki moja, mitutu mitatu". Ukiondoa ruhusa hiyo, kila mtutu unakuwa na safari yake ya makaratasi.

Na hata huko mambo hayakuwa mepesi hivyo. Thompson/Center waliwahi kuuza seti yenye bastola, kitako cha begani na mtutu mrefu. Serikali ikasema ukifunga kitako hicho pamoja na mtutu mfupi umetengeneza silaha ya kundi lenye kodi na masharti maalumu. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi yao, na mwaka 1992 kampuni ikashinda, kwa sababu seti ilikuwa na mtutu mrefu wa kuihalalisha. Lakini mnunuzi aliyefunga kitako na mtutu mfupi kwa mkono wake aliendelea kuwa na kosa. Kama nchi yenye sheria laini kuliko zetu iligombania jambo hili mpaka mahakama ya juu, usidhani huku litapita kimyakimya.

Pili ni risasi. Mtutu bila risasi ni bomba la maji. Kule, duka la mji mdogo linaweza kuwa na aina nyingi za risasi rafuni, kwa hiyo kuwa na mitutu mitatu ya kaliba tatu hakusumbui.

Tatu ni mawindo yenyewe. Wenzetu hao wanamngoja kulungu wa kwao mchana, kwenye msimu uliotangazwa, mara nyingi juu ya mti, wakiwa na kibali cha idadi iliyowekwa ya wanyama. Majimbo kama Louisiana yana msimu maalumu ambamo bunduki ya kisasa ya risasi nyingi hairuhusiwi, lakini baadhi ya hizi za risasi moja zinaruhusiwa. Kwa kazi hiyo, risasi moja inatosha. Akikosa, anarudi nyumbani kula chakula kilichomo kwenye friji. Wewe ukikosa, nguruwe wanaendelea kula chakula chako cha mwaka mzima.

SASA ILETE KIJIJINI, UONE

Tuanze na sheria yetu. Tanzania tuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Kumiliki bunduki kunataka leseni, na maombi yanaanzia chini, serikali ya kijiji na kata, yanapanda mpaka kamati ya ulinzi na usalama na polisi. Leseni ni ya mtu aliyetajwa na silaha iliyotajwa. Hakuna leseni ya watu kumi waliochanga. Ukimwazima shemeji yako bunduki usiku mmoja alinde shamba, wote wawili mmeingia matatani.

Na mtutu je? Hapa wafanyabiashara nisikilizeni vizuri. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inautaja mtutu kwa jina lake miongoni mwa sehemu za silaha, sawasawa na bodi. Nchi za ukanda wetu, Tanzania ikiwemo, zilisaini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kwa ajili ya kudhibiti silaha ndogo. Kwa hiyo mtutu uliofichwa kwenye marobota ya mitumba au kwenye boksi la vipuri vya pikipiki hauhesabiwi kipuri. Ni silaha iliyoingizwa kinyemela, na mwenye mzigo ni wewe. Faida ya mtutu mmoja hailingani na duka lako, gari la watu na miaka yako gerezani.

Kisha kuna sheria ya wanyama. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Ipo nafasi ya kujitetea na kutetea mali, lakini lazima utoe taarifa, na nyama haiwi kitoweo chako. Kuna watu wanasema "nalinda shamba" huku sufuria ikiwa jikoni. Hao mahakama inawajua.

Tuje kwa nguruwe mwenyewe. Nguruwe pori wanakuja usiku, na wanakuja kundi. Una risasi moja. Tuseme umebahatika, umempata mmoja. Waliobaki wamekimbilia kichakani, na wewe uko gizani unapapasa mfuko, tochi mdomoni, unatafuta risasi ya pili. Keshokutwa wanaingia kwa upande wa pili wa shamba. Hujalinda mahindi hapo. Umepunguza mlaji mmoja.

Na nyani? Nyani wanakuja mchana, wana mlinzi wao juu ya mti, na wanajifunza haraka. Wakishajua bunduki inalia mara moja kisha inanyamaza, wanakuhesabia. Bunduki ukiiacha nyumbani wanajua pia.

Na nyati, tembo au kiboko? Hapa nakuomba kwa heshima zote: ondoa wazo hilo kabisa. Kanuni za uwindaji katika nchi nyingi za Afrika zinaanzia kaliba .375 kwa wanyama wakubwa hatari, na wawindaji wenye kazi hiyo hubeba bunduki zenye risasi ya pili na ya tatu tayari, tena wakiwa zaidi ya mmoja. Nyati aliyejeruhiwa kwa risasi moja hakimbii tu. Huingia kichakani na kungoja. Na asipokupata wewe, atampata mama anayekwenda kisimani asubuhi, ambaye hajui kulikuwa na bunduki wala nyati.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye simu halionekani, nalo ni mahali risasi inakokwenda. Risasi ya .30-06 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu huiita ya ndege, inaweza kupita kilomita 1 na nusu. Simama katikati ya shamba lako, hesabu nyumba zilizo ndani ya umbali huo. Hesabu shule, hesabu njia ya kisima, hesabu na watoto wanaolala kwenye kibanda cha kulindia shamba la jirani. Mwindaji makini hafyatui mpaka aone kilicho nyuma ya mnyama. Wewe usiku, kwenye mahindi yaliyopita kichwa chako, utaona nini nyuma ya nguruwe?

Na mitutu mingi ina hatari yake ya peke yake. Risasi ya shotgani namba 20 ikiingizwa kwa makosa kwenye mtutu wa namba 12, huteleza ndani na kukwama mbele. Mtu anadhani hajaweka kitu, anaweka ya namba 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono na uso wake. Jambo hili linajulikana sana, ndiyo maana maganda ya namba 20 kwa kawaida hutengenezwa ya rangi ya njano. Sasa fikiria kikopo kimoja chenye risasi za mitutu mitatu, usiku, na kibatari.

HESABU YA MFUKO

Watu wengi waliniambia kwamba hata hivyo ni rahisi kuliko kununua bunduki tatu. Hiyo ni kweli. Lakini swali lako halikuwa bunduki tatu. Swali lako ni magunia ya mahindi.

Chukua kalamu. Tuseme nguruwe wanakula magunia matano kwa msimu. Andika bei ya magunia hayo. Upande wa pili andika bodi, mtutu wa kwanza, wa pili, wa tatu, darubini, sanduku la chuma la kufungia, nauli za kwenda wilayani na mkoani kufuatilia leseni, na ada. Kisha andika risasi. Usisahau kwamba kila mtutu unataka risasi zake za kujaribia shabaha kabla hata hujalinda mche mmoja, na kama kaliba yako haipatikani nchini, mtutu huo ni mzigo. Kuwa na mitutu mitatu ni kuwa na matatizo matatu ya risasi. Mwisho andika usiku: bunduki hailindi shamba peke yake, bado unakesha. Kama ni kukesha utakesha tu, basi jiulize bunduki imekupunguzia nini.

Jambo jingine la mfuko ni kiwanda. Zile Handi-Rifle za bei nafuu zilikuwa na sharti ambalo wengi hawalijui: mtutu wa ziada ulifungwa na kupimwa kiwandani kwenye bodi yako mwenyewe. Ulituma bodi, wao wakaulinganisha mtutu, wakakurudishia. Mwaka 2015 uzalishaji ukasimamishwa. Aliyenunua bodi akisema "mitutu nitaongeza taratibu" akabaki na mtutu aliokuwa nao, au kuwinda vya mitumba na kutafuta fundi. Hata kwa Thompson/Center, mtutu wa Encore hauvai kwenye Contender. Ahadi ya "utaongeza baadaye" ina nguvu pale tu anayeuza atakapokuwepo baadaye.

Sisi tuna mfano wetu hapa hapa. Kuanzia mwaka 2009, wakati wa Kilimo Kwanza, pawatila zilisambazwa vijijini. Wazo lake lilikuwa zuri: injini moja, vifaa vingi. Penye fundi na vipuri karibu, hasa kwenye mpunga, zimelima mpaka leo. Pasipo na fundi, utaziona nyuma ya ofisi, kuku wanalalia. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni nani yupo nyuma yake siku kinapoharibika. Kama hilo lilitushinda kwenye pawatila, ambayo haina leseni ya polisi na inakunywa dizeli inayouzwa kila kijiji, niambie litawezekanaje kwenye bunduki.

"BASI TUKAE TULIWE?"

Hapa ndipo mnaponibana, na mna haki ya kunibana.

Mimi ni mtumishi wa serikali na nitasema wazi. Mkulima anayeishi kando ya pori anabeba gharama ya wanyama ambao taifa zima linajivunia. Askari wa wanyamapori ni wachache, gari ni moja kwa eneo kubwa, na mara nyingi wanafika mahindi yameshalala. Kifuta jasho kinachotolewa kwa kanuni za mwaka 2011 ni mkono wa pole, hakilingani na gunia, na kinachelewa. Tena kimewekwa kwa ajili ya wanyama wakali: tembo, kiboko, nyati, simba na wenzao. Ukipigwa na nguruwe na nyani, usiiwekee fedha hiyo mpango wowote. Anayekwambia "usiue, subiri serikali" kisha anaondoka bila kukuonyesha la kufanya, huyo hajakusaidia. Ni haki kabisa wananchi kuyasema haya kwenye mkutano wa kijiji, kwa diwani na kwa mbunge, kila mwaka mpaka yasikike.

Lakini hasira hiyo ya haki isikufanye ununue kitu kisichofanya kazi. Fedha ya mitutu mitatu ukiitia kwenye haya yafuatayo, utavuna zaidi.

1. Limeni kwa pamoja. Shamba lililopandwa peke yake, mapema au kwa kuchelewa, ndilo hotuba ya harusi kwa nguruwe: wote wanalikusanyikia. Mashamba yakipandwa wiki moja na kukomaa wiki moja, hasara inagawanyika na ulinzi unakuwa wa wote.

2. Safisheni mpaka. Nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Fyeka kichaka kinachogusa shamba, acha ukanda mtupu kati ya pori na mstari wa kwanza wa mahindi. Mihogo na mahindi usiyaweke pembeni kabisa mwa pori. Pembeni weka mazao wasiyoyakimbilia, kama pilipili.

3. Wekeni uzio wa chini wenye nguvu. Nguruwe haruki, anasukuma na kuchimba. Waya au fito zilizobanana, zikifukiwa kidogo chini ya udongo, zinafaa kuliko uzio mrefu ulio wazi chini. Mkonge ukipandwa mistari miwili iliyobanana unachukua miaka kukomaa, lakini ukikomaa hauombi leseni.

4. Lindeni kwa zamu, na kwa wakati wake. Huna haja ya kukesha miezi minne. Wakati mkali ni mbegu inapoota, mahindi yanapobeba maziwa, na siku za mwisho kabla ya kuvuna. Nyumba kumi, zamu mbili mbili, tochi zenye mwanga mkali, madebe, mbwa. Kwa nyani ulinzi ni wa mchana, kuanzia alfajiri, na uwe wa mtu mzima. Usimtoe mtoto shule akalinde nyani.

5. Kwa tembo, tumieni pilipili na nyuki. Kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga inafukuza kwa harufu, na inabidi ipakwe upya, hasa mvua ikinyesha. Uzio wa mizinga uliojaribiwa nchini Kenya na mtafiti Lucy King unaning'iniza mizinga, au mizinga na mibao ya kuigiza, kila mita 10, ikiwa imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Njia hii imetumika pia kwetu, kandokando ya Udzungwa. Haizuii tembo wote, lakini inapunguza, na nyuki hao hao wanakupa asali ya kuuza. Mtutu wa bunduki haujawahi kumpa mtu asali.

6. Vuna mapema, hifadhi vizuri. Mahindi yakishakauka kiasi, usiyaache yasimame shambani kwa sababu huna mahali pa kuyaweka. Mifuko isiyopitisha hewa na kichanja kizuri ni ulinzi pia.

7. Toa taarifa siku hiyo hiyo. Piga picha, mwite mtendaji wa kijiji aone, andikeni, taarifa ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Hata isipoleta fedha, taarifa zikiwa nyingi kutoka kijiji kimoja ndizo zinazoleta askari karibu. Kijiji kisichoandika kinahesabiwa kuwa hakina tatizo.

Ndugu mfanyabiashara, nawe una biashara halali hapo: waya, tochi, pilipili, mizinga, mifuko ya kuhifadhia. Vitu hivyo vinauzika kila msimu, na mteja wako anabaki hai na huru kuja kununua tena.

"LAKINI JIRANI ANA GOBORE"

Nalijua hilo pia. Gobore la kienyeji nalo ni bunduki ya risasi moja, na wapo wanaosema kama gobore linavumiliwa, ya kiwandani itakuwa na ubaya gani. Halivumiliwi. Halijakamatwa tu. Gobore lisilo na leseni ni kosa, na mabomba ya maji yaliyogeuzwa mitutu yameondoa vidole na macho ya watu wengi. Ya kiwandani ni salama zaidi mkononi mwa anayefyatua, nakubali. Kwa aliyeko mbele haina usalama wowote, inafika mbali zaidi na inaua vizuri zaidi. Ubaya wa jirani hauwi leseni yako.

Kama kijiji kinaona kweli bunduki inahitajika, kwa sababu viboko au tembo wamezidi, njia ipo: ombeni kupitia serikali ya kijiji askari wa wanyamapori waje, au kijiji kiwe na askari wake wa wanyamapori waliofunzwa, wenye silaha inayotunzwa kwa utaratibu. Hapo bunduki ina mwenyewe, ina kitabu cha kuandikia, na ina mtu anayejibu risasi iliyotoka ilikwenda wapi.

MASWALI MANNE KABLA YA KUNUNUA KIFAA CHOCHOTE "CHA KAZI NYINGI"

Iwe bunduki, pawatila, mashine ya kukoboa na kusaga kwa pamoja, au pampu ya "inafanya yote", jiulize:

Je, kazi ninayoitaka mwaka huu ni ipi, moja tu, na kifaa hiki kinaifanya vizuri?

Je, kinachokilisha (mafuta, risasi, umeme) kinapatikana umbali wa baiskeli?

Je, kikiharibika, fundi na kipuri viko wapi, na muuzaji atakuwepo baada ya miaka mitano?

Je, kikikosewa, nani anaumia: mimi, au na mtoto wa jirani?

Bunduki ya mitutu ya kubadilisha ni kazi nzuri ya fundi aliyefikiri. Kule ilikotengenezwa imejibu maswali hayo kwa watu wake. Kwenye shamba lako la ekari mbili kando ya pori, inafeli yote manne. Wewe na wenzako mkikaa leo jioni mkapanga zamu kumi za ulinzi na kununua waya wa mchango, mahindi ya msimu huu yataingia ghalani.

Mbuzi usimuuze kwa ajili ya mtutu. Mwache azae.

Mwenye swali kuhusu uzio wa mizinga au namna ya kuandika taarifa ya uharibifu, anione ofisi ya kata siku ya gulio. Kazi njema.